Mikopo binafsi na ushauri wa madeni mjini Gisenyi

Mkopo binafsi ni fedha ambazo mtu hukopa kwa jina lake mwenyewe na kuzirejesha kutoka kwenye mshahara, shamba au biashara yake ndogo. Mjini Gisenyi, makao ya wilaya ya Rubavu katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, watu hukopa kwa ajili ya karo, matibabu, ujenzi na pikipiki kama kwingineko. Lakini fungu kubwa la madeni ya mji huu ni mtaji wa kuvuka nao kwenda Goma, mji wa Kongo ulioungana nao kiasi kwamba mgeni huona mji mmoja uliokatwa na kizuizi. Kwa sababu hiyo ushauri wa mikopo unaotosha Kigali hautoshi hapa.

Mpaka na rejesho

Kuna vivuko viwili vikuu: Grande Barrière, karibu na ziwa Kivu, na Petite Barrière, njia ya waendao kwa miguu. Kabla ya mwaka 2020 makumi ya maelfu ya watu walipita Petite Barrière kila siku, wengi wao wanawake wenye mboga, viazi, maziwa, unga na nguo. Asubuhi mtu hununua mzigo, mchana huuza Goma, jioni hurudi na fedha ya kununulia mzigo wa kesho. Mtaji unaozunguka hivyo huweza kulipa hata riba kubwa, mradi uzunguke.

Tatizo ni siku usipozunguka. Tarehe 1 Agosti 2019 mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa kwa hofu ya Ebola iliyokuwa imefika Goma. Machi 2020 ulifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na wachuuzi wa miguu walikaa nje ya kazi yao kwa miezi mingi. Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba na barabara za Gisenyi. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa kwenye kivuko, mamlaka ya Kivu Kaskazini ilianza kufunga upande wake saa tisa alasiri, na siku ya biashara ikakatwa mkia. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Benki za huko zikafunga milango na watu wakawa wanavuka kuja Gisenyi kutafuta fedha taslimu.

Katika miezi yote hiyo tarehe ya rejesho haikusogea yenyewe. Mshauri anayeanza na kiwango cha riba kabla ya kumuuliza mkopaji alikula nini mpaka ulipofungwa, ameanza mwisho. Kipimo cha busara hapa ni mwezi mbaya: rejesho liwe lile ambalo kaya inaweza kulilipa kwa kile kinachoingia pasipo Goma, yaani shamba, mshahara wa mwenzi au chumba cha kupangisha. Kama hakuna chochote cha namna hiyo, basi marejesho mawili au matatu yawekwe pembeni kabla mtaji haujaguswa. Wengi huona hilo ni kukopa fedha na kuifungia sandukuni, na kwa hesabu kavu wana haki. Ila anayekosa akiba hiyo ndiye anayekopa mkopo wa pili ili alipe wa kwanza.

Wavuvi wa isambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, wana mpaka wao wa aina nyingine: upande wa Rwanda uvuvi katika Kivu husimamishwa kwa takriban miezi miwili kila mwaka ili samaki wazaane. Mkopo wa nyavu wenye marejesho kumi na mawili yanayolingana umeandikwa na mtu asiyelijua ziwa. Mkulima wa viazi wa Busasamana au Bugeshi naye anahitaji ratiba inayofuata mavuno. Taasisi nyingi hukubali ratiba kama hiyo zikiombwa mapema; fomu ya kawaida haiitaji.

Kisha kuna sarafu. Mchuuzi hudaiwa faranga za Rwanda, huku mteja wake akimlipa kwa faranga za Kongo au dola. Mwaka 2023 faranga ya Rwanda ilishuka thamani kwa takriban asilimia 18 dhidi ya dola. Aliyekuwa anapokea dola na kulipa deni kwa faranga alipumua. Aliyenunua bidhaa kwa dola ili auze kwa faranga aliumia. Kanuni ni kukopa kwa sarafu ile ile unayoingiza, na anayelazimika kuchanganya asiweke hesabu yake kwenye kiwango cha jana cha wabadilishaji fedha wa mpakani. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu (CEPGL), iliyoundwa mwaka 1976 na Zaire, Rwanda na Burundi, iliweka makao yake hapa hapa Gisenyi. Mchuuzi bado anabeba hatari ya sarafu peke yake.

Wakopeshaji

Aliye karibu zaidi ni Umurenge SACCO. Mwaka 2006 Benki Kuu ya Rwanda (BNR) ilifunga taasisi kadhaa ndogo za fedha zilizofilisika, na waweka akiba wengi wakapoteza imani. Serikali ikaja na mpango wa ushirika mmoja wa kuweka na kukopa katika kila umurenge, yaani kata. Zilianza kuundwa 2008 na 2009, na nchi nzima zikawa 416. Rubavu ina imirenge 12, hivyo hata mkazi wa Mudende au Nyamyumba hahitaji kushuka mjini kukopa. Walimu wana Umwalimu SACCO, wanajeshi na polisi wana Zigama CSS. Benki za biashara, kama Bank of Kigali na BPR, huwapenda wenye mshahara unaopitia kwao. Wastani wa riba yao nchini umekuwa karibu na asilimia 16 kwa mwaka.

Kwenye simu kuna MoKash, iliyoanzishwa Rwanda mwaka 2017 na MTN pamoja na benki ambayo sasa ni NCBA. Mkopo wake ni mdogo, huja kwa dakika, na hudai ada badala ya riba. Ada ya mwezi mmoja inaonekana ndogo mpaka mtu aizidishe mara kumi na mbili, na anayekopa kila mwezi anapaswa kuizidisha.

Ikimina, ambacho Mtanzania angekiita kikoba na Mkenya chama, hukusanya akiba kila wiki, hukopesha wanachama wake na kugawana mwisho wa mwaka. Kando ya akiba huwa na mfuko wa ingoboka, wa msiba na ugonjwa. Kwa dharura ndogo hakuna mahali bora zaidi pa kukopa, kwa kuwa riba unayolipa inarudi kwenye mgao ambao wewe pia una fungu lako. Hata hivyo wanachama wa ikimina kimoja mara nyingi ni wachuuzi wa kivuko kimoja. Mpaka ukifungwa wote wanataka kukopa siku moja, na sanduku haliwezi kuwaokoa wote.

Mwishoni yupo yule asiye na bango. Rwanda, na Kongo pia, humwita Banki Lambert, jina lililotokana na benki ya Kibelgiji isiyohusika kabisa na biashara hii. Ni mtu anayekopesha mtaani bila leseni, kinyume cha sheria, kwa riba ya mwezi ambayo benki ingetoza kwa mwaka. Tanzania mikopo ya jamaa zake hao inaitwa kausha damu. Tuseme amekopesha faranga 100,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi. Mkopaji akilipa 20,000 kila mwezi kwa miezi mitano, amekwisha kutoa laki nzima na bado anadaiwa laki ile ile. Hatari kubwa zaidi iko kwenye karatasi: badala ya mkataba wa mkopo, mkopaji husainishwa mkataba wa mauzo ya kiwanja au pikipiki, au hundi isiyo na fedha nyuma yake. Siku ya ugomvi karatasi hiyo inasema aliuza, na hundi inayorudi ni kosa la jinai kwa aliyeiandika. Hakuna ushauri wa kukopa vizuri kwa Banki Lambert. Upo wa kutoka tu: kutunza kila ujumbe wa simu unaothibitisha malipo, kutosaini karatasi mpya ya kufunika ya zamani, na kumpeleka mwanasheria au Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda (RIB) mkataba wa mauzo ya uongo kabla mali haijabadilishwa jina.

Kusoma mkopo

Swali linalookoa fedha nyingi kuliko yote ni hili: riba inahesabiwa juu ya deni la mwanzo au juu ya deni lililobaki? Chukua faranga 600,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Ikihesabiwa juu ya kiasi cha mwanzo, kila mwezi ni riba ya 12,000, jumla 144,000. Ikihesabiwa juu ya salio, na mkopaji akipunguza deni kwa 50,000 kila mwezi, riba yote ni 78,000. Maneno kwenye tangazo ni yale yale, asilimia 2, na gharama inakaribia mara mbili.

Baada ya hapo ndipo uulize ada ya maombi, bima, gharama ya kusajili dhamana, faini ya kuchelewa, na kama kulipa mapema kuna adhabu. Bima ya mkopo mara nyingi hulipa deni mkopaji akifariki; haimaanishi kwamba nyumba iliyowekwa dhamana imekatiwa bima. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika na kubomoa nyumba nyingi za Rubavu. Nyumba inaweza kuondoka na deni likabaki.

Dhamana ya mfuko wa BDF nayo inaeleweka vibaya. Mfuko huo huweza kumdhamini mkopaji asiye na mali ya kutosha hadi nusu ya mkopo, na hadi asilimia 75 kwa wanawake na vijana. Anayelindwa hapo ni mkopeshaji. Mkopaji akishindwa, deni lake halijafutwa na mtu.

Mahali pa kupata ushauri

Afisa mikopo ni muuzaji, hata akiwa mwema, kwa hiyo neno lake lisiwe la mwisho. BNR ina jukwaa la mtandaoni liitwalo Gereranya, linaloweka bei za taasisi mbalimbali mahali pamoja ili mtu azilinganishe kabla ya kupanda ngazi za ofisi yoyote. Ripoti ya mkopaji hutoka kwa ofisi ya taarifa za mikopo, TransUnion Rwanda. Sheria ya mwaka 2018 inampa mkopaji haki ya kuiona ripoti yake na kupinga kosa lililomo, na inafaa kuiomba kabla ya kukopa kuliko kuisikia siku ya kukataliwa. Ofisi hiyo haioni kila kitu: mali kauli aliyopewa mteja wa Goma haimo, deni la ikimina halimo, la Banki Lambert halimo kamwe. Mshauri mzuri huyaorodhesha hayo kwanza, kwa mdomo wa mkopaji mwenyewe, na mume au mke akiwepo.

Kuwepo kwa mwenzi kuna sababu ya kisheria pia. Kwa wanandoa waliochanganya mali, ardhi ya familia haiwekwi dhamana bila ridhaa ya wote wawili. Tangu usajili wa ardhi wa nchi nzima uliofanyika kati ya 2009 na 2013, hati nyingi zina majina ya wote.

Sheria ya kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha ya mwaka 2021 imeweka njia ya malalamiko: kwanza taasisi yenyewe, kwa maandishi, kisha BNR isiporidhisha. Wachuuzi wengi huruka hatua ya kwanza kwa hasira, halafu hawana barua ya kuonyesha.

Deni linaposhindikana

Benki huhesabu mkopo kuwa mbovu ukichelewa siku 90. Siku ya kuzungumza basi ni kabla ya rejesho la kwanza kukosekana, wakati jina bado safi. Machi 2020 BNR iliziruhusu benki kupanga upya mikopo ya walioathirika na janga, na waliofika mapema na hesabu mkononi walipata miezi ya kupumua. Kupanga upya si msamaha: muda unaongezeka na riba inaendelea kuhesabika, hivyo mtu aombe muda mfupi kadiri anavyoweza kuumudu.

Mwenye madeni kadhaa hushauriwa kwa kawaida kuanza na lenye riba kubwa. Gisenyi mpangilio huo una kasoro moja. Deni la ikimina, hata likiwa la riba ndogo, likiachwa linamfungia mtu mlango wa ingoboka na wa majirani, na mtu wa mpakani anauhitaji mlango huo kuliko wa benki. Heri Banki Lambert na ikimina vipewe kipaumbele pamoja, na benki iombwe ratiba mpya, kwa kuwa ndiyo pekee kati yao yenye utaratibu wa kuitoa.

Mazungumzo yakishindikana, dhamana iliyosajiliwa huuzwa kwa mnada, uitwao cyamunara, ambao siku hizi huendeshwa mtandaoni. Mnada wa mtandao umewapunguzia nguvu wanunuzi waliokuwa wakipanga bei wao kwa wao, lakini bei ya mnada bado huwa chini ya ile ambayo mwenye nyumba angeipata akiuza mwenyewe kwa utulivu. Anayeona hawezi tena huwa na miezi michache ya kutafuta mnunuzi kwa idhini ya benki. Bei ya mnada isipolifikia deni, salio linabaki jinani mwake, na mdhamini aliyesaini kando yake hufuatwa. Mdhamini akilipa ana haki ya kumdai mkopaji, hata kama mkopaji huyo sasa anaishi ng'ambo ya kivuko. Kumdai huko ni kesi nyingine, mbele ya mahakama ya nchi nyingine.