Skrini ya kukunja ilipotelea wapi? Historia ya runinga Eastlands

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie skrini. Kuna ahadi moja ambayo watu wa teknolojia wameirudia tangu miaka ya 1990: kwamba siku moja skrini ya nyumbani itakuwa karatasi ya plastiki, itachapishwa kwa mashine kama gazeti, itauzwa kwa bei ya chini, nawe utaikunja kama mkeka ukimaliza kutazama habari.

Kwa mtu anayeishi chumba cha futi 10 kwa 10 Kayole au Pipeline, kitanda upande huu na jiko upande ule, hiyo si anasa. Runinga ya kukunja ingemrudishia nafasi ya meza nzima. Basi ilipotelea wapi? Tuanze mwanzo.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, mitambo ikiwa kwenye nyumba ya shamba huko Limuru. Kwa miaka mingi runinga ilikuwa sanduku: ndani tyubu nzito ya kioo, nyuma kisogo kirefu. Katika mitaa iliyojengwa wakati wa ukoloni, kama Kaloleni na Bahati, vyumba vilikuwa vidogo na sanduku hilo lilitaka mahali pake pa heshima, na kitambaa cha kufuma juu yake. Asiyekuwa nalo alienda kutazama kwa jirani.

Kisha zikaenea Greatwall za inchi 14, nyeusi na nyeupe. Hizi zilikubali betri ya gari ya volti 12. Kama plot yako haikuwa na stima, ulibeba betri kwa mwenye kuchaji asubuhi na kuirudisha jioni kabla ya taarifa ya habari. Ilikuwa runinga nzito na picha yake haikuwa ya kusifiwa, lakini ilifuata maisha ya mwenye nyumba. Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Wakati huo huo, ng'ambo, mambo yalikuwa yakipikwa. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke wa Eastman Kodak walieleza kifaa cha tabaka nyembamba za kemikali za kaboni zinazotoa mwanga zikipitishiwa umeme. Hiyo ndiyo OLED. Mwaka 1990 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba hata plastiki yenyewe inaweza kutoa mwanga. Hapo ndipo ndoto ya kuchapisha skrini kama gazeti ilipopata nguvu. Plastiki ni rahisi, wino ni rahisi, kwa hiyo skrini itakuwa rahisi. Hesabu ilionekana safi kabisa.

Kikwazo kilikuwa maji. Kemikali za OLED huharibika zikiguswa na unyevu au oksijeni. Kioo huzuia vyote viwili bila gharama ya ziada, lakini plastiki ya kawaida hupitisha mvuke, hata kama huuoni. Ili skrini idumu miaka kadhaa, kinga yake inapaswa kupitisha takriban sehemu moja ya milioni ya gramu ya maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kutengeneza plastiki ya namna hiyo ni kazi ghali. Ndiyo maana hata skrini za simu za kukunja kwa kawaida huzaliwa juu ya kioo: plastiki humiminwa juu ya kioo, skrini hujengwa juu yake, kisha leza huibandua. Gazeti halichapishwi hivyo!

Bei zilisema ukweli huo. Runinga ya kwanza ya OLED kuuzwa madukani, Sony XEL-1 ya mwaka 2007, ilikuwa ya inchi 11 na iligharimu yeni 200,000. Mwaka 2020 LG ilianza kuuza Korea Kusini runinga ya inchi 65 inayojikunja ndani ya sanduku lake, kwa won milioni 100. Kwa kiwango cha wakati huo ni zaidi ya shilingi milioni 9 za Kenya. Hizo ni pesa za nyumba, tena na kiwanja chake.

Kilichofika Eastlands ni kile kioo kigumu. Mwishoni mwa 2007 runinga za LCD zilianza kuzipita zile za tyubu kwa mauzo duniani, na viwanda vikashindana kwa ukubwa wa kioo. Viwanda vikubwa kabisa vya leo hutumia bamba la mita 2.94 kwa 3.37, linalokatwa vipande 8 vya inchi 65 kwa mpigo mmoja. Bei ilishuka kwa sababu ya ukubwa wa bamba. Na kwa kuwa runinga mpya ni nyembamba, inaning'inia ukutani. Meza ilirudi, ingawa hakuna kilichokunjwa.

Tena, runinga za zamani hazikufa mara moja. Mitambo ya analogi ilipozimwa Nairobi mwaka 2015, wengi walichomeka king'amuzi nyuma ya TV ileile ya kisogo wakaendelea kutazama mpira.

Sasa njooni Luthuli Avenue, au kwa fundi yeyote wa mtaani. LCD ikizima picha huku sauti inaendelea, mara nyingi ni taa za LED za nyuma zimeungua. Fundi anafungua, anabadilisha vipande vya taa, anafunga. Bodi kuu ikiungua, anaweka bodi ya kichina inayokubali vioo vya kampuni nyingi: anachagua programu inayolingana na kioo chako, anaiingiza kwa flashi, anaunga waya. Kwetu sisi waandishi wa programu hilo ni somo zuri. Sehemu mbili zikizungumza kwa utaratibu unaojulikana na wote, moja ikifa nyingine inaishi.

Lakini kioo chenyewe kikipasuka, kazi imeisha. Kioo kipya kinakaribia bei ya runinga nzima. Mabaki huenda kwa wanunuzi wa vyuma, na mengine huishia Dandora, kwenye jaa lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa kujaa mwaka 2001. Watu wanaoishi jirani na jaa hilo ni wa Eastlands hii hii.

Hapo ndipo narudi kwa Greatwall. Ilipendwa kwa sababu ilikubali betri na fundi aliijua ndani na nje. Skrini ya plastiki iliyogandishwa tabaka juu ya tabaka haifunguliki, na ikiingia unyevu, hakuna fundi wa kuutoa. Bei yake ikishuka kesho, na huenda ikashuka, bado gharama ya siku itakapokufa italipwa na mtu, na tunajua jaa liko mtaa gani.

Kwa hiyo mkisikia tena habari ya skrini ya kukunja kwa bei ya chini, msiulize inajikunja mara ngapi tu. Ulizeni kama Luthuli wataweza kuifungua.