Michael Jackson Pangoni: Uhakiki wa Mchezo wa Sega

Tuanze na fani kama tulivyofundishwa, maudhui yatajileta yenyewe. Mwaka 1990 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Michael Jackson's Moonwalker, ikifuata filamu ya Moonwalker ya 1988. Mhusika mkuu ni Michael mwenyewe, suti nyeupe, kofia kichwani. Mpinzani wake ni Mr. Big, ambaye ameteka watoto na kuwaficha nyuma ya milango, ndani ya buti za magari, hata chini ya mawe ya makaburi. Kazi ya mchezaji ni kufungua kila kitu. Ndiyo, ndugu msomaji, kila kitu! Ploti nzima ni upekuzi.

Mimi niliucheza Sekenke, kwenye kibanda cha vijana wa machimboni, katika kompyuta kuukuu iliyowekewa programu ya kuiga mashine ya Sega. Kilichowavunja mbavu wenzangu ni mbwa. Michael akitumia silaha yake kuu, maadui wote walioko kwenye kioo hujipanga, hucheza naye hatua kwa hatua, kisha huanguka chini. Mbwa nao hawasazwi.

"Kaka, hata mbwa anacheza disko?"

Anacheza, tena kwa mpangilio kuliko sisi wa bweni. Wako watakaosema huu ni upuuzi mtupu. Mimi naona hapa ndipo penye akili, maana silaha hiyo hupunguza uhai wa mchezaji mwenyewe. Ngoma inaangusha adui, lakini inamla mchezaji wake. Waandishi wangapi wametumia riwaya nzima kutuambia hilo?

Kasoro inaanza hatua ya nne, Michael anapoingia pangoni. Pango lina maadui tele na muziki juu, ila halina hata dalili ya aliyelichimba. Sekenke huwezi kumwambia mtu habari ya shimo lisilo na mwenyewe, atakucheka. Na historia ya pale imeshaona ufundi huo wa kumfuta mtu. Dhahabu ya Sekenke ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1916, vita vilipowabana, waliipeleka Tabora ikafuliwa kwenye karakana ya reli kuwa sarafu za rupia 15, zaidi ya 16,000. Upande mmoja tembo, upande wa pili tai wa Kaizari. Tembo yumo, tai yumo, mchimbaji hayumo. Sega wamerudia yaleyale miaka 74 baadaye, tena bila shida ya vita.

Sasa hao watoto. Wote ni binti mmoja, Katie, mwenye nywele za rangi ya dhahabu, kanakiliwa mara nyingi. Akiokolewa anaita jina la Michael, basi, kamaliza sehemu yake. Hebu mlinganishe na yule binti wa ngano zetu aliyefungiwa ndani ya ngoma ya zimwi. Zimwi linapiga ngoma, binti anaimba mle ndani, wazazi wanaitambua sauti. Anaokolewa kwa sauti yake mwenyewe! Kwa Sega mwenye sauti ni staa tu.

Jambo hili si dogo. Februari 1992 Michael alifika Tanzania, akapokewa na Rais Mwinyi. Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo wengi walimjua kwa kanda za video. Mwaka 1993 yakaja madai dhidi yake kuhusu mtoto, na mwaka 2005 mahakama ya California ikamwona hana hatia katika kesi nyingine. Sitaki kuwa hakimu. Lakini mchezo ambamo watoto wana neno moja tu la kusema hauchezeki leo kama ulivyochezwa 1990.

Na watoto wakishapatikana wote, anatokea sokwe Bubbles, anamkalia Michael begani na kumwonyesha kwa kidole alipo adui. Jamani, hata sokwe kapewa kazi ya kueleza jambo.