Dakika Nane za Mirihi: Johannes Kepler juu ya Umbo, Akili na Maada

Mtu akichora pembetatu mchangani na kuthibitisha kwamba jumla ya pembe zake ni sawa na pembe mraba mbili, hajifunzi jambo hilo kutoka kwenye mchanga. Mchanga una mabonde na vilima. Pembetatu anayoifikiri haina. Hata hivyo ukweli alioupata akilini hupima shamba, husimamisha kuta za kanisa na kukadiria umbali wa nyota. Ni nini basi kiunganishacho akili isiyoshikika na maada isiyofikiri? Katika makala haya hatukusudii kulimaliza swali hilo. Twataka kulitazama jinsi lilivyomkuta mtu mmoja, Johannes Kepler, ambaye alikuwa mwana wa Kanisa la Kilutheri, na ambaye Kanisa hilo hilo lilimzuia asiikaribie Meza ya Bwana.

Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji wa Weil der Stadt, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1589 aliingia Chuo Kikuu cha Tübingen kwa nia ya kuwa mchungaji. Yafaa tukumbuke kwamba tangu siku za Philipp Melanchthon hesabu na elimu ya nyota zilikuwa na heshima katika vyuo vya Kilutheri, kwa kuwa utaratibu wa mbingu ulihesabiwa kuwa ushuhuda wa Muumba. Huko Tübingen mwalimu wake Michael Maestlin alimfundisha mawazo ya Copernicus. Kabla hajamaliza masomo ya teolojia, mwaka 1594, alipelekwa Graz kufundisha hesabu. Alikwenda kwa shingo upande.

Mwezi Julai 1595, akiwachorea wanafunzi wake pembetatu nyingi ndani ya duara, wazo lilimjia. Sayari zilizojulikana wakati ule, Dunia ikiwamo, zilikuwa sita, na kati ya sita kuna nafasi tano. Nayo maumbo kamili ya jiometri, yale ambayo nyuso zake zote, kingo zake zote na pembe zake zote ni sawa, ni matano tu; wala haiwezekani kulipata la sita. Basi akaweka mchemraba kati ya Zohali na Mshtarii, umbo la nyuso nne kati ya Mshtarii na Mirihi, la nyuso kumi na mbili kati ya Mirihi na Dunia, la nyuso ishirini kati ya Dunia na Zuhura, na la nyuso nane kati ya Zuhura na Utaridi. Vipimo vilikaribiana na hali halisi kiasi cha kumtoa machozi. Kitabu chake juu ya jambo hilo, Mysterium Cosmographicum, kilitoka mwaka 1596, baada ya kushauriwa kuiondoa sura iliyojaribu kupatanisha Copernicus na Maandiko.

Nyuma ya maumbo hayo matano palikuwa na ishara moja kubwa zaidi, nayo ni tufe. Kitovu chake, kwa Kepler, ni mfano wa Baba. Uso wake wa nje ni mfano wa Mwana. Nafasi iliyo katikati ni mfano wa Roho Mtakatifu. Msomaji wa leo aweza kudhani kwamba hili ni pambo la mahubiri. La, sivyo. Kwa kuwa Jua lililo kitovuni lilikuwa mfano wa Baba, Kepler aliona kwamba nguvu iendeshayo sayari yapasa itoke humo, akaanza kuitafuta sababu ya mwendo wao, wakati wengi wa rika lake waliridhika kuuchora mwendo tu. Jibu lake kwa swali letu lilikuwa hili: jiometri ilikuwa katika nia ya Mungu kabla ya uumbaji, maada imeumbwa kwa kuifuata, na mwanadamu huitambua kwa sababu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Akili na maada ni ndugu wa baba mmoja.

Mwaka 1600 alifukuzwa Graz kwa kukataa kuiacha imani yake na kuwa Mkatoliki, akaenda Praha kwa Tycho Brahe, mpimaji mkuu wa nyota kabla ya darubini. Tycho alifariki mwaka 1601, na vipimo vyake vikabaki mikononi mwa Kepler. Alihangaika na Mirihi kwa miaka. Hatimaye njia ya duara aliyoihesabu ilitofautiana na vipimo vya Tycho kwa dakika 8 za nyuzi, yaani kama robo ya upana wa Mwezi tuuonavyo. Mtu mwingine angalisema yatosha. Kepler alijua kwamba Tycho hakuwa mtu wa kukosea kiasi hicho, akaibomoa kazi yake mwenyewe na kuanza upya. Duara, umbo lililotukuzwa kwa miaka elfu mbili, likaanguka, na mahali pake pakasimama duaradufu. Kitabu Astronomia Nova kilitoka mwaka 1609.

Kwetu hapa ndipo penye kiini cha habari. Bila ishara asingalitafuta. Bila dakika nane angalibaki na ishara tupu.

Mwaka 1612 alihamia Linz. Mchungaji wa huko, Daniel Hitzler, alimtaka atie sahihi Fomula ya Konkordia ya mwaka 1577 bila masharti. Kepler alilishika Ungamo la Augsburg, lakini hakuweza kukiri kwamba mwili wa Kristo waweza kuwapo kila mahali, wala kuwalaani Wakalvini. Hitzler akamnyima Ushirika Mtakatifu. Kepler alikata rufani kwa Konsistori ya Stuttgart, nayo ikamuunga mkono mchungaji. Mwaka 1619 Matthias Hafenreffer, mwalimu wake wa zamani huko Tübingen, alimwandikia kwamba ama anyenyekee ama abaki nje. Tukumbuke kwamba ubishi wenyewe ulihusu mwili na mahali, yaani swali lile lile la roho na maada, ila limeulizwa mbele ya madhabahu. Hitzler alikuwa akilinda fundisho aliloapa kulilinda. Lakini twaona kwamba mtu aliyezoea kukataa dakika nane asingaliweza kutia sahihi jambo asilolisadiki, na kwamba waliomhukumu hawakulipima hilo.

Mwaka 1618 ulianza kwa kifo cha binti yake, huku mama yake akiwa amekwisha kushtakiwa kwa uchawi. Mwaka huo huo, tarehe 15 Mei, Kepler alithibitisha kanuni yake ya tatu. Tuchukue Mshtarii: umbali wake kutoka kwenye Jua ni mara 5.2 ya ule wa Dunia, na mzunguko wake ni miaka 11.86. Zidisha 5.2 × 5.2 × 5.2, utapata kama 140.6, zidisha 11.86 × 11.86, utapata kama 140.7. Ndivyo ilivyo kwa sayari zote. Kanuni hiyo imo katika Harmonice Mundi ya mwaka 1619, katikati ya kurasa nyingi juu ya muziki wa mbingu ambazo wanasayansi wa baadaye walizipita haraka.

Katika nyongeza ya kitabu hicho alibishana na tabibu Mwingereza Robert Fludd, aliyependa michoro ya siri. Kepler naye alipenda ishara, ila alidai ipimwe. Mwaka 1952 mwanafizikia Wolfgang Pauli aliurudia ubishi huo katika kitabu alichokitoa pamoja na Carl Jung, akiona katika tufe la Kepler taswira ya ndani kabisa ya nafsi, iliyo daraja kati ya mawazo na yale yanayoonwa kwa macho. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo yatulazimu kuuliza kwa nini daraja moja lilishika na jingine likavunjika, maana Uranus ilionekana mwaka 1781 na Neptuni mwaka 1846, na maumbo matano yakakosa kazi. Kepler mwenyewe hakuyaacha kamwe. Aliyachapisha tena, pamoja na maelezo mapya, mwaka 1621.

Alifariki Regensburg tarehe 15 Novemba 1630, akazikwa katika makaburi ya Waprotestanti nje ya kuta za mji. Maandishi ya kaburi alikuwa amejitungia mwenyewe, mistari miwili tu ya Kilatini, na humo, yeye aliyekuwa amezifunga pamoja maisha yake yote, alizitenga akili na mwili. Vita viliyaharibu makaburi hayo baada ya miaka michache, na mahali pa kaburi lake hapajulikani.