Endometriosisi: Utando Uliolowea Ugenini

Bahasha ilikuwa ya kaki, imekunjwa mara mbili ili ienee kwenye pochi. Binti wa dada yangu aliamkia, akaketi mkekani barazani kwangu Ujiji, akaisukuma kwangu kwa ncha za vidole. "Mama mdogo, nisomee. Daktari kanieleza vizuri tu, lakini mimi nilikuwa naitikia. Nimetoka pale sijui nimeitikia nini."

Alikuwa ametoka mjini Kigoma kupiga picha ya ultrasaundi. Karatasi ilikuwa moja, mistari ya Kiingereza, na katikati yake magonjwa mawili: fibroidi na endometriosisi. Chini, kwa kalamu ya wino wa bluu, neno upasuaji na tarehe. Ana miaka 31, ameolewa mwaka wa sita huu, hajapata mtoto. Huku kwetu mwanamke akishajifungua, jina lake la utotoni hukaa pembeni. Huitwa Mama Fulani mpaka kaburini. Yeye bado watoto wa jirani wanamwita kwa jina alilopewa na babu yake, na kila akiitwa hivyo namwona anavyoinama.

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, nami nilidhani kazi ya kumsomea ingekuwa ya dakika kumi. Fibroidi nilimweleza kwa sentensi chache. Endometriosisi ilituchukua mchana kutwa, na makala haya yametokana na mchana ule.

Nianze na lile jepesi. Hospitalini fibroidi huitwa uvimbe kwenye kizazi, na wengine husema mayoma. Shida ya neno uvimbe ni upana wake. Jipu ni uvimbe, mguu ulioteguka una uvimbe, na saratani nayo huanza kwa uvimbe. Mwanamke akiambiwa tu kwamba ana uvimbe tumboni, moyo wake hukimbilia kwenye saratani, ilhali fibroidi ni nyama ya misuli ya kizazi chenyewe iliyojikusanya na kukua kwa mviringo, na karibu zote si saratani. Hata jina la kigeni limekosea, maana linataja nyuzi, kumbe asili ya kitu chenyewe ni msuli. Mimi ningesema uvimbe wa msuli wa kizazi. Ni maneno matano, lakini yanaondoa hofu isiyo na sababu. Wanawake wengi wanazo bila kujua. Utafiti uliofanyika Marekani ulikuta kwamba kufikia miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi walikuwa wamezipata.

Kwa anayetafuta mtoto, swali kubwa ni zimekaa wapi. Iliyoota upande wa nje wa kizazi huweza kuwa kubwa kama embe na isizuie mimba. Iliyojitokeza ndani, kwenye uwazi ambamo mtoto angekaa, hata ikiwa ndogo kama kokwa la mchikichi huweza kuharibu mambo. Zilizo ndani ya ukuta ziko katikati: nyingine hudhuru, nyingine hazidhuru, na madaktari wenyewe huzijadili moja moja. Ya binti yetu moja ilikuwa ukutani, imesukumia ndani.

Sasa endometriosisi. Tangu avunje ungo, binti huyu akiingia mwezini alikuwa halali. Shule alikosa siku mbili tatu kila mwezi. Bibi yake, mama yetu, alimchemshia mizizi akasema ni chango la uzazi, litatulia akizaa. Chango ni neno kongwe. Maana yake ni utumbo, na pia mnyoo. Waliolitumia kwa maradhi ya wanawake walikuwa wanasikiliza kwa makini: maumivu yanayojinyonganyonga chini ya kitovu na kufika mgongoni, kama kitu hai kinachotambaa. Silidharau neno hili. Lakini limebeba mno. Chango ni maumivu ya hedhi ya kawaida, ni maambukizi ya mirija, ni mimba zinazotoka, ni ugumba, vyote kwa pamoja. Jina linalofunika kila kitu halimwelekezi mtu pa kwenda. Tena lilimfundisha binti wetu kwamba kuumia hivyo ndiyo sehemu ya uanamke, naye akavumilia miaka kumi na mitano.

Neno lenyewe la kitabibu limeundwa kwa Kigiriki: ndani, kizazi, na kiambishi cha mwisho kinachoonyesha hali au maradhi. Lilianza kutumika miaka ya 1920, likitokana na maandishi ya John Sampson, daktari wa Albany, jimbo la New York. Ukilifasiri kipande kwa kipande utapata hali ya ndani ya kizazi, na hapo ndipo unapopotea kabisa, kwa sababu ugonjwa huu uko nje ya kizazi.

Nilimweleza hivi. Kizazi kimetandikwa utando laini kwa ndani. Kila mwezi utando huo hunenepa kumsubiri mgeni. Mgeni asipofika, hubomoka ukatoka kuwa hedhi. Katika endometriosisi, utando unaofanana na huo huota mahali pengine: juu ya ovari, nyuma ya kizazi, kwenye mirija, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Huko nako huitikia homoni zilezile. Mwezi ukifika huvimba na kuvuja damu, ila damu hiyo haina mlango wa kutokea. Eneo huwaka, hufanya makovu, na makovu hugandanisha viungo vilivyopaswa kuteleza kila kimoja kivyake. Kwenye ovari damu hujikusanya ikawa mfuko wa majimaji mazito ya hudhurungi, ndiyo maana madaktari huita uvimbe wa chokoleti.

Aliniuliza, "Umefikaje huko?" Mwaka 1927 Sampson alieleza kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwaga vipande vya utando tumboni. Lakini wanawake walio wengi damu yao hurudi hivyo na hawaugui, kwa hiyo lazima kuna jambo jingine pia. Hilo lilinifanya nitupe tafsiri yangu ya kwanza, utando uliohama. Istilahi isidai zaidi ya kile kinachojulikana. Nikatupa na ya pili, ugonjwa wa kizazi, kwa sababu ya marehemu Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya aliyefariki Juni 2024. Kwake yeye ugonjwa ulikuwa umepanda mpaka kifuani na mapafu yakawa yanasinyaa. Ukisema ni ugonjwa wa kizazi, unamdanganya mgonjwa kwamba kizazi kikiondolewa yote yamekwisha.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liundwe mwaka 1967 waundaji wa istilahi wamekuwa wakituusia tutafute kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo tutoke nje. Nikatafuta ndani, na neno likanijia kutoka mtaani kwetu. Ukoo wetu ni Wamanyema. Wazee wetu walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo karne ya 19, wakalowea Ujiji. Kulowea ni kukaa ugenini ukafanya ndiyo kwenu, na mlowezi huwa na tabia moja: huendeleza mila za alikotoka. Siuoni ubaya wa tendo hilo kwa watu. Mimi mwenyewe ni tunda lake. Ila kwa utando wa mwilini maelezo yamekaa sawasawa. Uko mahali pasipo pake na bado unafuata kalenda ya kwao, kila mwezi, bila kukosa. Kwa hiyo napendekeza utando lowezi. Linasema umekaa wapi na unafanya nini, na halidai kujua ulisafirije.

Simaanishi tuifute endometriosisi kwenye karatasi za hospitali. Mgonjwa wa Kigoma anaweza kupelekwa Mwanza au Dar es Salaam, na kule lazima cheti chake kisomeke vilevile. Neno la cheti libaki, na maelezo ya Kiswahili yakae kando yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, kama milioni 190 duniani. Idadi hiyo ni kubwa mno kuachwa na jina linalotamkwa na waliosoma peke yao. Nchini kwetu wengi walilisikia kwanza kutoka kwa Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alipoamua kusema hadharani anaugua nini. Alikwisha kupasuliwa zaidi ya mara kumi. Mwaka 2017 akajifungua mtoto wa kiume. Nilipomtajia binti yetu habari hiyo, kwa mara ya kwanza siku ile alinyanyua uso.

Kisha tukafika kwenye neno linaloniogopesha kuliko yote, nalo ni letu wenyewe: kizazi. Ni kiungo, na ni watu watakaokuja baada yetu. Mwanamke akisikia wanataka kutoa kizazi, anasikia wanataka kufuta ukoo. Na midomoni mwa watu kuna kutoa uvimbe, kutoa kizazi, kusafisha kizazi. Yanasemwa kwa haraka mlangoni, yakachanganyika. Wapo waliokimbia upasuaji wa kuondoa uvimbe tu wakidhani watarudi watupu. Ndiyo maana kwenye fomu ya ridhaa nataka kila tendo liandikwe kwa ukamilifu: kutoa uvimbe na kuacha kizazi, hilo ni moja, kuondoa kizazi chote, hilo ni jingine kabisa.

Na ukweli mchungu usifichwe. Kizazi kina damu nyingi, na uvimbe ukitolewa ukutani damu inaweza kukataa kusimama. Hapo daktari anaweza kulazimika kukiondoa ili mama apone. Hutokea kwa nadra, lakini mgonjwa alijue hilo kabla ya nusu kaputi, akiwa na akili yake na mumewe kando. Ajue pia kwamba ukuta uliokatwa na kushonwa unahitaji miezi kadhaa ya kupona kabla ya kushika mimba, na kwamba mara nyingi atashauriwa ajifungue kwa upasuaji. Kwa uvimbe wa chokoleti ipo hesabu nyingine: kuukwangua kunaweza kuondoka na mayai mazima yaliyo jirani, kwa hiyo anayetaka mtoto aulize kama kuna haja ya kuugusa. Dawa za homoni nazo hutuliza maumivu, ila nyingi huzuia yai lisitoke. Hazimfai anayetafuta mimba mwezi huu. Na fibroidi huweza kuota tena, kama utando lowezi unavyoweza kurudi.

Nikamwuliza kama mumewe amepimwa. Akacheka kidogo, akatazama mlangoni. Hajapimwa. Nikamwambia mbegu za mwanamume hupimwa kabla mke hajalazwa mezani, na kama yeye anaona haya kumwambia, mjomba wake atamwambia.

Jua lilikuwa limeinama upande wa Kongo alipogeuza bahasha na kuanza kuandika mgongoni mwake maswali yake, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Uvimbe uko wapi hasa? Utaukatia tumboni au kwa matundu? Ovari zangu utazigusa? Kizazi kitabaki? La mwisho alilipigia mistari miwili.

Wiki iliyofuata alirudi na mumewe, majibu ya kipimo cha mume yakiwa mfukoni mwa shati: mazuri. Daktari alikuwa ameyajibu maswali yote manne, na kwenye fomu, chini ya jina la kitabibu la upasuaji, ameandika kwa mkono wake: "Kutoa uvimbe, kizazi kibaki. Kiondolewe iwapo damu itashindikana kuzuiwa na maisha yako hatarini." Binti alisema aliisoma mara mbili ndipo akatia saini. Tarehe ni Alhamisi ijayo. Kaka zake wawili wamekwisha kuchangia damu, na mama yetu, aliyechemsha mizizi miaka yote ile, ameomba ndiye atakayelala naye wodini.