Kubadilishana Ardhi ili Kulinda Misitu Mikongwe: Tathmini ya Mazingira Hupima Nini

Serikali inapotangaza kuwa itaipa kampuni sehemu ya ardhi ya umma na kupokea ardhi nyingine kutoka kwa kampuni hiyo kwa lengo la kulinda msitu, jambo la kwanza ambalo mwananchi huliona katika tangazo ni idadi ya ekari. Hata hivyo, idadi hiyo peke yake haioneshi kama msitu umenusurika. Jibu hupatikana katika tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo kazi yake ni kupima kwa uzito ulio sawa ardhi inayopokelewa na ardhi inayotolewa, kabla hati miliki hazijabadilisha mikono.

Makala haya yanaeleza utaratibu huo kwa kutumia mfano wa Jimbo la Washington, lililoko kaskazini-magharibi mwa Marekani. Katika miaka ya 1990 mpango wa kubadilishana ardhi ya Mlima Huckleberry ulifikishwa mahakamani, na hukumu yake ya mwaka 1999 ilibainisha kasoro ambazo tathmini ya aina hii haipaswi kuwa nazo.

Msitu mkongwe ni upi

Katika miteremko ya magharibi ya safu ya milima ya Cascade, msitu huhesabiwa kuwa mkongwe pale miti yake mikubwa inapokaribia au kupita umri wa miaka 200. Mti wa Douglas, ulio wa jamii ya msonobari na ambao umeenea sana katika eneo hilo, unaweza kuishi zaidi ya miaka 500. Umri, hata hivyo, si sifa pekee ya msitu wa namna hiyo. Ndani yake huwa na miti ya marika mbalimbali, miti iliyokufa ikiwa bado imesimama, magogo makubwa yanayooza ardhini na matawi mapana yaliyo juu sana.

Mazingira hayo ndiyo makazi ya viumbe ambao hawapati hifadhi inayolingana nayo katika miti iliyopandwa upya. Bundi mwenye madoa wa kaskazini aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini chini ya sheria ya Marekani mwaka 1990. Mwaka 1992 alifuata ndege mdogo wa baharini ambaye hujitafutia chakula katika Bahari ya Pasifiki, lakini huruka hadi bara kutaga yai moja tu juu ya tawi pana la mti mkongwe. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1994, Serikali ya Marekani ilipitisha mpango wa misitu ya kaskazini-magharibi unaohusu takriban ekari milioni 24 za ardhi ya shirikisho katika majimbo ya Washington, Oregon na California.

Chimbuko la ardhi iliyogawanyika

Haja ya kubadilishana ardhi katika eneo hilo ina historia ndefu. Mwaka 1864 Bunge la Marekani liliipa kampuni ya reli ya Northern Pacific ardhi kandokando ya njia ya reli iliyokusudiwa kufika Pwani ya Pasifiki. Ardhi hiyo iligawanywa katika vipande vya maili moja ya mraba, sawa na ekari 640 kila kimoja. Kipande kimoja kilikwenda kwa kampuni na kilichofuata kikabaki mikononi mwa Serikali, hata ramani ikafanana na ubao wa drafti.

Mwaka 1900 mfanyabiashara wa mbao Frederick Weyerhaeuser na washirika wake walinunua ekari 900,000 za ardhi hiyo ya reli katika Jimbo la Washington. Hivyo, karne moja baadaye, misitu ya taifa ilikuwa bado imechanganyika na mashamba ya miti ya makampuni. Msitu wa Serikali ungeweza kuwa umezungukwa pande zote na ardhi iliyokwisha kuvunwa. Wanyama walikosa mapito, na barabara za kubebea magogo zilikatiza kila upande. Kuunganisha vipande hivyo kwa njia ya kubadilishana lilikuwa wazo lenye msingi.

Masharti ya sheria

Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 kuhusu sera na usimamizi wa ardhi ya shirikisho inaruhusu mabadilishano hayo kwa masharti mawili makuu. Sharti la kwanza ni kwamba mabadilishano yawe kwa manufaa ya umma. La pili ni kwamba ardhi za pande zote mbili ziwe na thamani sawa. Thamani zisipolingana, tofauti inaweza kufidiwa kwa fedha, mradi malipo hayo yasizidi asilimia 25 ya thamani ya ardhi ya Serikali inayotolewa.

Thamani inayozungumzwa hapa ni bei ya soko, na ni muhimu msomaji alielewe jambo hilo. Ekari moja ya miti mikongwe ina mbao nyingi na za daraja la juu, kwa hiyo bei yake ni kubwa. Ekari iliyokwisha kuvunwa, yenye visiki na miche, bei yake ni ndogo. Kwa sababu hiyo, Serikali inaweza kupokea ekari nyingi kwa kutoa ekari chache na sharti la thamani likawa limetimizwa kikamilifu. Wingi huo wa ekari unaweza kuwa ishara kwamba kilichotolewa kilikuwa adimu.

Sharti la manufaa ya umma haliwezi kupimwa kwa bei ya soko. Hapo ndipo inapoingia sheria ya taifa ya sera ya mazingira ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1970. Sheria hiyo inaitaka taasisi ya Serikali kuandaa taarifa ya tathmini ya athari kabla ya kufanya uamuzi wenye athari kubwa kwa mazingira. Kwa kanuni zilizotumika wakati wa suala la Huckleberry, rasimu ya taarifa ilipaswa kuwekwa wazi kwa maoni ya wananchi kwa muda usiopungua siku 45. Taarifa ya mwisho ilipaswa kueleza njia mbadala zilizofikiriwa, ikiwa ni pamoja na ile ya kutofanya lolote, pamoja na athari za moja kwa moja, athari zisizo za moja kwa moja na athari za kulimbikizana.

Mpango wa Mlima Huckleberry

Katika mpango huo, Idara ya Misitu ya Marekani ilikubali kuipa kampuni ya Weyerhaeuser ekari 4,362 za eneo la Mlima Huckleberry, sehemu ya Msitu wa Taifa wa Mt. Baker-Snoqualmie. Eneo hilo lilikuwa na miti mikongwe. Kwa upande wake, Serikali ingepokea ekari 30,253 za kampuni, yaani karibu ekari saba kwa kila ekari moja iliyotolewa. Kampuni iliongeza pia ardhi nyingine kama mchango.

Kwa hesabu ya ekari, mpango ulionekana kuwa na faida kubwa kwa umma. Waliopinga walikuwa na hoja ya namna nyingine. Kwa watu wa kabila la Muckleshoot, Mlima Huckleberry ni sehemu ya ardhi ya mababu. Wazee wao waliwinda huko, walichuma matunda ya porini na kupita katika njia ya kale iliyofuata mgongo wa mlima. Idara yenyewe ilikwisha kukiri kuwa njia hiyo inastahili kuingizwa katika rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Kabila hilo lilifungua shauri, na vyama viwili vya uhifadhi navyo vikafungua shauri lao.

Wakati mashauri yakiendelea, hati zilikwisha kubadilishwa mwaka 1998. Idara na kampuni zikadai kuwa hapakuwa tena na jambo la kuamuliwa. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa ilikataa dai hilo. Katika hukumu yake ya Mei 1999 iliagiza shughuli zaidi zilizotokana na mabadilishano hayo zisimame katika ardhi husika hadi Idara itakapotimiza matakwa ya sheria.

Kasoro zilizobainishwa na Mahakama

Kasoro ya kwanza ilihusu athari za kulimbikizana. Mabadilishano ya Huckleberry hayakuwa ya kwanza wala ya mwisho katika eneo hilo. Mwaka 1984 Idara ilikuwa imebadilishana ardhi na kampuni hiyohiyo, na mpango mwingine mkubwa na kampuni ya Plum Creek ulikuwa umekwisha kutangazwa. Mahakama iliona kuwa taarifa ya tathmini haikuijumuisha mipango hiyo ipasavyo. Iliona pia kuwa taarifa ilieleza kwa kina faida za ardhi iliyopokelewa, huku athari za ukataji uliotarajiwa katika ardhi iliyotolewa zikielezwa kwa ujumla tu.

Kasoro ya pili ilihusu njia mbadala. Mbali na ile ya kutofanya lolote, taarifa ilichambua njia mbili zilizokaribiana mno kiasi cha kutompa msomaji nafasi ya kulinganisha. Idara haikupima kwa dhati uwezekano wa kuinunua ardhi ya kampuni kwa fedha za mfuko wa taifa wa hifadhi ya ardhi na maji. Wala haikuchambua uwezekano wa kuweka katika hati sharti la kuzuia ukataji wa miti mikongwe baada ya ardhi kuhamishwa.

Kasoro ya tatu ilihusu urithi wa utamaduni. Idara ilikusudia kuichora njia ya kale katika ramani na kuipiga picha kabla ya kuikabidhi kwa kampuni. Mahakama ilisema hatua hiyo haikutosha kupunguza madhara kama sheria ya hifadhi ya urithi wa taifa inavyotaka.

Kwa nini tathmini itangulie

Mahakama haikusema kuwa ni kosa kubadilishana ardhi. Ilichosema ni kwamba uamuzi ulifanywa bila wananchi na wafanya uamuzi kuoneshwa picha kamili. Tofauti hiyo ni ya msingi. Tathmini haiilazimishi Serikali kuchagua njia yenye madhara machache zaidi, bali huilazimisha kuyatazama madhara yote na kuyaeleza hadharani kabla ya kuchagua.

Umuhimu wa kutangulia huko ulionekana pia katika mpango wa Plum Creek, ulioidhinishwa na Bunge la Marekani kwa sheria ya mwaka 1998 na kuhusu ardhi iliyo karibu na barabara kuu ya I-90. Mwaka 1999, kufuatia upinzani wa wananchi na kuonekana kwa yule ndege mdogo wa baharini katika sehemu ya ardhi iliyokuwa itolewe, baadhi ya maeneo yaliondolewa katika mpango. Hilo liliwezekana kwa kuwa hati zilikuwa bado hazijabadilishwa na miti ilikuwa bado imesimama. Hati inaweza kurudishwa kwa amri ya mahakama, lakini hakuna amri inayoweza kurudisha mti wa miaka 400 uliokwisha kukatwa.

Mambo ya kuzingatia katika tangazo

Sheria ya Marekani ya mwaka 1969 ilifuatwa na nyingine nyingi duniani. Nchini Kenya, tathmini ya athari kwa mazingira imewekwa na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, na nchini Tanzania imewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Usimamizi wake uko chini ya NEMA kwa upande wa Kenya na NEMC kwa upande wa Tanzania. Ingawa masharti ya kila nchi yana tofauti zake, mwananchi anayesoma taarifa ya kubadilishana ardhi ya msitu anaweza kujiuliza maswali yafuatayo popote alipo:

1. Ardhi inayotolewa imeelezwa kwa kina sawa na ile inayopokelewa, ikiwa ni pamoja na umri wa miti, vyanzo vya maji na viumbe vilivyomo?

2. Mmiliki mpya anakusudia kuitumiaje ardhi atakayopewa, na athari za matumizi hayo zimepimwa?

3. Mabadilishano mengine yaliyotangulia au yanayotarajiwa katika eneo hilo yamejumlishwa katika hesabu?

4. Njia mbadala zilizotajwa zinatofautiana kweli? Ununuzi wa ardhi au sharti katika hati vimefikiriwa?

5. Jamii zenye historia, makaburi, njia au matumizi ya jadi katika ardhi hiyo zimesikilizwa, na maoni yao yamejibiwa katika taarifa?

6. Muda wa kutoa maoni umetajwa, na unakwisha kabla ya mkataba kutiwa saini?

Swali ambalo taarifa imelinyamazia ndilo linalofaa kuwasilishwa kwa maandishi ndani ya muda wa maoni. Katika suala la Huckleberry, maswali kama hayo ndiyo yaliyofika mahakamani, na ukimya wa taarifa ya tathmini ukawa msingi wa hukumu.