Aliye Juu Mngoje Chini: Historia Fupi ya Kuitazama Buha kutoka Angani

Meli kubwa za kitalii zinapotia nanga Zanzibar au Dar es Salaam, abiria wake hukabidhiwa orodha ya matembezi ya siku moja. Miongoni mwa matembezi hayo zimo safari za ndege ndogo. Mgeni anaweza kuzungushwa juu ya Mji Mkongwe na mafungu ya mchanga yanayojitokeza maji yakipwa, au kuvushwa bahari mpaka Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, au kupelekwa Mikumi na kurudishwa kabla meli haijang'oa nanga. Muda ni mfupi na mfuko una kina chake, hivyo ni lazima achague. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaongoza watalii, aliniuliza hivi karibuni: mgeni akiomba ushauri, amwambie achague ndege ipi?

Swali hilo linaonekana kuwa la starehe za watu wenye nafasi. Mimi naliona kuwa ni swali la historia na la siasa pia. Kuchagua ndege ni kuchagua kitakachoonekana, na katika nchi yetu watu waliotazama kutoka juu wamekuwa mara nyingi ndio wanaoamua hatima ya waliotazamwa. Nitalijibu kwa kupitia mahali ambapo hapamo katika orodha yoyote ya matembezi ya angani: nyanda za juu za Kigoma, Kasulu na Kibondo, yaani Buha nilikozaliwa.

Miongoni mwa ndege za kwanza kuonekana katika anga ya Kigoma hakukuwa na hata moja iliyobeba mtalii. Mwezi Juni 1916, ndege za Kibelgiji zenye kutua majini, zilizokuwa na kituo upande wa Kongo, zilivuka Ziwa Tanganyika na kudondosha mabomu katika bandari ya Kigoma. Shabaha yao ilikuwa meli ya Kijerumani, Graf von Götzen. Usione vyaelea, vimeundwa: meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kisha Kigoma kwa reli. Ilishushwa ziwani Februari 1915. Wanahistoria wanaeleza kwamba kufikia siku za mashambulizi yale, mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha kuondolewa ili utumike vitani nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mfano wa mbao. Rubani aliyekuwa juu aliona meli ya kivita. Waliokuwa chini walijua ni gogo. Julai 26, 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe kabla ya kukimbia. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Vitabu vingi vya vita hivyo huishia ufukweni. Huku juu milimani, majeshi ya Wabelgiji yalipita Buha yakielekea Tabora, na mizigo yao ilibebwa vichwani na wapagazi wa Kiafrika. Wabelgiji waliitawala sehemu hii mpaka mwaka 1921, walipoikabidhi kwa Waingereza na kubaki na Rwanda na Burundi. Mpaka ukachorwa juu ya ramani. Jamaa waliokuwa wakioleana na kuuziana ng'ombe wakajikuta raia wa tawala mbili.

Aina ya pili ya kutazama kutoka juu haikuhitaji ndege. Ramani na rula zilitosha. Kwa desturi Waha hawakuishi katika vijiji vya kukusanyika. Kila kaya ilikuwa na mlima wake, migomba yake na njia yake ya kwenda mtoni. Kwa mtawala aliyetaka kuhesabu vichwa vya kutozwa kodi, makazi hayo yalikuwa vurugu. Ugonjwa wa malale ulipoenea magharibi mwa Tanganyika, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu kutoka maeneo yenye mbung'o na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, na Buha ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa katika miaka ya 1930. Hatari ya malale ilikuwa ya kweli. Sipendi kuifanyia mzaha. Lakini mashamba yaliyoachwa yalirudi kuwa pori, na pori hilo baadaye likaonekana kwa macho ya wageni kama nyika ambayo haikuwahi kukaliwa na mtu.

Baada ya uhuru tulifanya jambo lenye sura kama hiyo kwa mikono yetu wenyewe. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, kabla ya agizo la Novemba 1973 kwamba Watanzania wote wawe wamehamia vijijini ifikapo mwaka 1976. Nia ilitangazwa wazi, nayo haikuwa mbaya: shule, zahanati, maji ya bomba. Nyumba zikapangwa kando ya barabara kwa mistari iliyonyooka. Mwanazuoni wa Kimarekani James C. Scott, katika kitabu chake cha mwaka 1998, alitenga sura nzima kwa vijiji vyetu kama mfano wa dola inayopenda kupanga watu wake ili iwasome kwa urahisi. Ukipita leo juu ya Kasulu utaiona mistari hiyo. Usichokiona ni mahame: migomba iliyoachwa mlimani, makaburi ya mababu ambayo wajukuu hawayafikii tena, na saa za kutembea ambazo mama mmoja aliongezewa kati ya nyumba yake mpya na shamba lake la zamani.

Tukitaka kuelewa kwa nini orodha za watalii zina wanyama wengi na watu wachache, tuangalie kaskazini kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege yao ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Kazi ilikuwa ya kishujaa, na Michael alilipa kwa uhai wake ndege hiyo ilipoanguka Januari 10, 1959. Filamu waliyoitengeneza ilipata tuzo ya Oscar. Ilifundisha ulimwengu kuipenda Serengeti, na pia kuizoea kama nchi ya nyumbu na anga, ilhali mwaka uleule wa 1959 Wamasai walikuwa wakihamishwa kutoka humo kwenda upande wa Ngorongoro. Mandhari tupu huwa imetanguliwa na mtu aliyeondolewa.

Je, basi, kila anayetazama kutoka juu ni mdhalimu? Hapana, na ushahidi uko hapahapa Kigoma. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 na kwa miaka mingi macho yake yalikuwa kwa sokwe. Karibu na mwaka 1990 alipita juu ya Gombe kwa ndege ndogo na kuona jambo ambalo mtu aliye ndani ya msitu hawezi kuliona: hifadhi ilikuwa imebaki kisiwa kidogo cha kijani, na vilima vilivyoizunguka vilikuwa vimekwisha miti. Angeweza kushuka na kudai wanavijiji waondolewe. Badala yake, mradi wa TACARE ulioanzishwa mwaka 1994 uliwatuma Watanzania kwenda vijijini kuuliza wenyeji wanahitaji nini. Majibu hayakuanza na miti. Watu walitaja chakula, afya na shule za watoto wao. Miche ilikuja baadaye, pamoja na mikopo midogo kwa akina mama na elimu ya uzazi wa mpango. Hiyo ndiyo safari ya ndege ninayoiheshimu, kwa sababu haikuishia angani.

Tukirudi kwenye meli, Liemba nayo ina jambo la kutufundisha. Wageni wengi wamesafiri nayo kwa ajili ya historia yake. Lakini Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walijikuta katika ufukwe mwembamba wa Kagunga, ambako mlima umeshuka hadi majini. Kipindupindu kikaanza kuua. Liemba, yenye nafasi ya watu wapatao 600, ikaanza kuwavusha kwenda Kigoma, safari baada ya safari. Wakapumzishwa katika uwanja wa mpira, kisha mabasi yakawapandisha mlima mpaka Nyarugusu, Kasulu, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta, Kibondo, nayo ikafunguliwa upya. Abiria wa Liemba siku zile hawakuwa na orodha ya matembezi.

Tangu hapo Kasulu na Kibondo zimetazamwa kutoka juu kuliko wakati wowote, kwa picha za setilaiti zinazoonyesha mahema na ukubwa wa eneo lililokatwa miti. Picha hizo ni za lazima. Bila hizo chakula hakifiki. Hata hivyo hazimwonyeshi mwenyeji wa Makere anayegombania kuni na jirani yake mkimbizi, wala hazionyeshi kwamba wawili hao husikilizana, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Ulimwengu unaifahamu Buha kama kambi. Wilaya zenye maharage, kahawa, ndizi na mawese zimekuwa alama ya hema kwenye ramani ya msaada, na kijana wa Kibondo anayetafuta mwekezaji huanza kwa kueleza kwamba yeye si mkimbizi.

Sasa nimjibu mwanafunzi wangu. Amwambie mgeni aulize mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, je, rubani anaweza kutaja majina ya vijiji vilivyo chini, au anajua ya wanyama tu? Pili, je, ndege inatua mahali ambapo mgeni atazungumza na mtu asiyelipwa kumtabasamia? Tatu, kabla ya mandhari hiyo kuwa tupu, nani alikuwa akiishi hapo? Kati ya safari mbili za bei moja, achague ile yenye majibu mengi zaidi, hata kama ina simba wachache.

Nami ningependa siku moja orodha iongezwe safari nyingine. Ndege iruke kutoka Kigoma, ifuate ufukwe mpaka Gombe, ipande milima ya Manyovu, ipite Kasulu na Kibondo, kisha igeukie kusini kwenye ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kutambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, lenye kilomita za mraba 32,500 na korongo mwenye mdomo kama kiatu. Kutoka angani mgeni ataona ajabu ya mto Malagarasi: unaanzia mpakani na Burundi, unalipa ziwa kisogo, unaizunguka Buha kama mkono unaokumbatia, kisha unarudi magharibi kumwaga maji yake katika ziwa lilelile. Viwanja vidogo vya ndege vya Kasulu na Kibondo vimezoea wageni wa mashirika ya misaada. Havitashindwa kupokea wageni wa matembezi.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kwa kawaida tunaisema methali hiyo kwa kumtishia mwenye kiburi. Kwa mgeni mwenye nia njema inaweza kuwa mwaliko: tumekuona ukipita, shuka, tupo, na tuna mengi ya kukueleza.