Mwakilishi wadi hana idhini ya kutoa amri akiwa pekee

Wakazi wengi wa Nairobi wangali wakimwita mwakilishi wadi “diwani”, na humwendea taa ya barabarani inapozimika au takataka zinaporundikana mtaani. Mfumo wa madiwani ulikoma kufuatia uchaguzi wa Machi 2013, Baraza la Jiji lilipopisha serikali ya kaunti. Nairobi ina wadi 85, na kila moja huchagua mwakilishi wake katika Bunge la Kaunti.

Nguvu zake zimo kikaoni. Humo huwasilisha hoja, hupigia kura sheria na bajeti ya kaunti, na huwahoji maafisa katika kamati. Hata humo haamui pekee. Hoja ya kumtimua gavana huhitaji kuungwa mkono na angalau thuluthi moja ya wanachama wote ndipo iwasilishwe, na thuluthi mbili ndipo ipite. Ndivyo alivyong’olewa Mike Sonko mnamo Desemba 2020, Seneti ikaafiki siku chache baadaye.

Nje ya kikao, mambo ni tofauti. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamkataza kujihusisha na kazi za utawala, au kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wa kaunti. Hivyo basi, hawezi kumfurusha mchuuzi, kufunga kibanda wala kumwamuru mwanakandarasi pa kuchimba mtaro. Mchuuzi anayetishwa hivyo, na visa vya aina hii si haba, aulize kwanza ni afisa yupi wa kaunti aliyetoa agizo hilo, na kwa maandishi gani.